Rundo la Kuni la Yasaburo

Sunazaki, 20 Oktoba 1979

Kwako mdogo wangu Fumie,

Upepo wa baharini umeshaanza kuuma huku, na wifi yako Kiyono ametoa magodoro mazito juani tangu juzi. Tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo halijawahi kuwa zima tangu ukiwa darasa la nne, kwa hiyo halihesabiki. Wewe je? Bado unakula wali wa baridi umesimama, au huko maabara wamekupa kiti?

Usishtuke kuuona mwandiko wangu. Najua imepita miaka sita tangu tulipozozana siku ya kumbukumbu ya baba. Nilisema mtoto aliyesomeshwa kwa jasho la wafinyanzi hapaswi kumaliza maisha yake akichungulia minyoo. Maneno yale sijayafuta, nimeyaweka kando tu kwa sababu nina shida. Kiyono anasoma begani kwangu na ananifinya, basi naongeza kwamba yalikuwa makali kupita kiasi.

Shida ni msitu wa pwani. Misonobari yetu inakufa, Fumie. Mwaka juzi tisa, mwaka jana ishirini na mitatu, kiangazi hiki sitini na mmoja. Mti unakuwa wa kijani mwezi wa nane, mwezi wa tisa umegeuka mwekundu kama mbweha. Unakumbuka babu alivyotuambia, kwamba kabla ya misonobari mchanga ulikuwa unaingia hadi kwenye vyungu vya wali. Ikiisha, mashamba yanafunikwa, na baada ya mashamba ni nyumba.

Sisi tunafanya linalowezekana. Tumeambiwa miti mikavu iondolewe msituni, nasi tumeiondoa yote. Sasa unajua watu wa hapa, hakuna anayeweza kutupa gogo zuri. Kila mtu anasema mottainai, ni kukikosea adabu kitu kinachofaa, basi magogo yote wananiletea mimi. Nimeyapanga nyuma ya tanuri pamoja na magome yake yakauke vizuri, na rundo limeshapita paa la banda. Mwenyekiti Odagaki amenishukuru mbele ya mkutano na kunipa chupa ya pombe ya sake. Kuni za kuchoma mitungi kwa mwaka mzima, na msitu umekuwa safi!

Lakini bado inakufa. Nyinyi mliosoma mnasema ni nini?

Kaka yako,
Yasaburo

*

Mjini, 2 Novemba 1979

Kaka Yasaburo,

Nakuamkia kwa heshima, na wifi pia. Kiti nimepewa, tena kina matairi. Nilipoiona bahasha yako nilidhani kuna aliyefariki, nikaifungua papo hapo. Nilipofika kwenye goti nikacheka hadi wenzangu wakageuka. Nimefurahi, kaka. Sitaandika zaidi kuhusu hilo nisije nikakuudhi ukaacha kuandika.

Nakujibu. Jina limetudanganya sote. Mdudu anayeonekana kwenye miti hiyo tunamwita mla-misonobari, tukadhani anautafuna mti hadi ufe. Yule mbawakawa wa kahawia mwenye pembe ndefu hali kiasi cha kuua mti. Anatafuna magome ya vitawi vichanga tu. Muuaji ni abiria wake. Ni mnyoo mwembamba kuliko uzi, hauonekani bila hadubini, na mbawakawa mmoja anaweza kubeba maelfu ndani ya mwili wake. Anapotafuna kitawi, minyoo inashuka na kuingia mtini kupitia kidonda kile. Baada ya wiki chache mti hautoi tena ulimbo, na maji hayapandi. Hapo mbawakawa jike, ambaye mti mzima wenye ulimbo ungemfukuza, anakuja kutaga mayai bila wasiwasi. Watoto wake wanakulia ndani ya mti huo uliokufa, na mwaka unaofuata wanatoka wakiwa wamejaa minyoo.

Ndiyo hii minyoo ninayoichungulia, kaka.

Naomba kitu kimoja. Nichoreeni ramani ya msitu, muweke alama kila mti uliokufa na mwaka uliokufa. Bibi Hatsuyo atasaidia, hakuna mti asioujua.

Mdogo wako,
Fumie

*

Sunazaki, 25 Novemba 1979

Kwako Fumie,

Huku mvua ya barafu imeanza, na Kiyono anakusalimu kwa figili za kuchachusha zilizo ndani ya kifurushi. Kula ukiwa umekaa, maadamu una kiti.

Ramani hiyo hapo. Imetuchukua siku tatu, na siku mbili kati ya hizo zilikuwa za ugomvi. Bibi Hatsuyo ana miaka themanini na moja na ameniambia mbele ya watu kwamba nina macho ya chungu, matundu tu. "Huo mti ulikufa mwaka juzi, Yasaburo! Chini yake ndipo nilipoanguka na ndoo!" Tukiwa na shaka tunafuata maanguko yake. Ameanguka mara nyingi, kwa hiyo ramani ni sahihi.

Wino mweusi ni mwaka juzi, bluu ni mwaka jana, nyekundu ni mwaka huu. Kile kisanduku ni tanuri langu, nimekichora vizuri kuliko vingine vyote, unisamehe.

Niseme kweli, hadithi yako ya abiria imenikaa kichwani. Nilimsimulia Odagaki nikajikuta nasema "mdogo wangu amegundua," ingawa sijui kama ni wewe au ni wengine. Usinisahihishe, nimeshasema.

Kaka yako,
Yasaburo

*

Mjini, 9 Desemba 1979

Kaka,

Nakuombea afya, wewe na wifi. Figili zimeisha.

Nimeanza barua hii mara nne. Iweke ramani mezani, kaka, halafu weka kidole kwenye kile kisanduku ulichokichora vizuri. Sasa tazama wino mweusi ulipo, kisha bluu, kisha mwekundu. Vifo vinaanzia hapo kidoleni na kupanuka.

Magogo wanayokuletea yana watoto wa mbawakawa ndani. Msituni mngeyachoma mara moja, ingekuwa mwisho wao. Lakini unayapanga yakauke, na magome yake, mahali penye jua, mita hamsini kutoka miti mizima. Yanapokaa kungoja tanuri, kiangazi kinaingia, nao wanatoka. Nyinyi mmekuwa mkiwakusanya kutoka msitu mzima na kuwaweka nyumba moja.

Si kosa la uovu. Ni kosa la watu wasiopenda kuharibu kitu, na mimi ningefanya vilevile. Lakini rundo la mwaka huu ni miti sitini na mmoja.

Usiniamini bure. Toboa magogo kwa keekee, kusanya unga wake kwenye karatasi, uniletee kwa posta. Nitaloweka majini na kuhesabu.

Nisamehe.

Mdogo wako,
Fumie

*

Mjini, 16 Januari 1980

Kaka,

Heri ya mwaka mpya, imechelewa. Sijapata kadi yenu mwaka huu. Kama umekasirika, kasirika. Naomba tu huo unga wa keekee. Mbawakawa wataanza kutoka mwishoni mwa mwezi wa tano, na wao hawajui kwamba tumenuniana.

Mdogo wako,
Fumie

*

Sunazaki, 3 Februari 1980

Fumie,

Salamu. Tu wazima.

Miaka thelathini na nane nawasha lile tanuri. Baba aliliwasha, babu alilijenga. Vyumba saba, na kila tofali nalijua kama meno yangu. Msonobari ndio moto wake. Hakuna mti mwingine wenye mwali mrefu wa kufika chumba cha saba. Kuni hukaushwa na magome yake, ndivyo tulivyofundishwa, na hakuna aliyewahi kusema tunaua kitu. Sasa mtu aliyeondoka hapa na begi moja ananiambia mimi ndiye ninayeua msitu uliolinda vyungu vya bibi yangu.

Haya. Paketi tatu hizo za unga wa keekee. Sikuziandika majina. Namba moja, mbili, tatu. Wewe ni mtaalamu, niambie kila moja imetoka wapi.

Yasaburo

*

Mjini, 12 Februari 1980

Kaka Yasaburo,

Nakuamkia kwa heshima ileile.

Paketi ya kwanza ni msonobari mzima, unaoishi. Unga ulikuwa umeshikamana kwa ulimbo hadi nikautenganisha kwa kibanio. Hakuna mnyoo hata mmoja.

Paketi ya pili imetoka kwenye rundo lako. Katika kijiko kimoja cha unga nimehesabu minyoo elfu mbili mia tatu na arobaini, kisha nikaacha kwa sababu macho yaliniuma. Nilimwita mkuu wangu naye ahesabu, ili usiseme ni mimi.

Paketi ya tatu si msonobari kabisa. Ni mbao ya bafuni kwenu, ile ya mlango, na ina harufu ya sabuni ya wifi. Mwambie pole kwa kutobolewa mlango.

Usinichezee, kaka.

Mdogo wako,
Fumie

*

Sunazaki, 1 Machi 1980

Kwako Fumie, mdogo wangu,

Theluji imeanza kuyeyuka, na nyote huko muwe wazima. Kiyono hajacheka namna ile tangu arusi yetu. Amesoma barua yako kwa sauti mara tatu, na pale kwenye sabuni ameshindwa kuendelea. Mlango ameukasirikia, lakini mimi amenikasirikia zaidi.

Na mimi nimekaa na ile karatasi yako, nikaenda nyuma nikachukua shoka, nikapasua gogo moja. Nilimkuta mtoto wa mbawakawa. Mweupe, mnene kama kidole cha mtoto mchanga, amelala kwenye chumba alichokichonga ndani ya mbao, na tundu limejazwa unga vizuri. Nikapasua la pili, wako watatu. La tatu na la nne vilevile. La tano sikupasua.

Fumie, umeketi huko mbali na umejua kilicho nyuma ya banda langu, mimi ninayepita hapo kila asubuhi sikujua. Kazi yako ni kazi. Nilikuwa mjinga siku ile ya kumbukumbu ya baba, na sasa maneno yale nayafuta.

Nikaenda kwa Odagaki. Akanishika mkono, akaniambia taratibu, "Yasaburo, usiseme. Tutayachoma polepole, watu wasijue. Wewe ni mtu wetu." Ni mwema. Lakini nilijiuliza, nikinyamaza, mwakani watu wataleta magogo wapi? Wataleta kwangu, na watanishukuru tena.

Basi Jumapili nilisimama mkutanoni. Niliiinua ramani, nikaweka kidole pale kwenye kisanduku, nikasema, "Ni rundo langu. Mimi ndiye niliyewafuga." Nikawaonyesha yule mweupe ndani ya kikombe.

Kisha Bibi Hatsuyo akasema kutoka nyuma, kwa sauti yake ya kuku, "Na nani aliyekubebea hayo magogo, wewe mwenye kujisifu? Mimi nililetewa mkokoteni nikasukuma mwenyewe. Usichukue kosa zima, ni la kijiji, tugawane." Watu wakacheka, na mimi nikaikunja ramani nikaketi.

Sasa tuambie la kufanya. Je, tukimenya magome inatosha?

Kaka yako,
Yasaburo

*

Mjini, 8 Machi 1980

Kaka,

Nakusalimu, na ukimwona Bibi Hatsuyo mshike mikono yote miwili kwa niaba yangu.

Nimeisoma barua yako nikiwa peke yangu stoo, kwa sababu sikutaka kulia mbele ya watu. Nawajua maprofesa wenye nywele nyeupe wasioweza kusema "nilikosea" hata kwenye karatasi, sembuse mbele ya kijiji. Wewe umesimama na goti lako.

Kumenya magome hakutoshi tena. Mwezi wa kumi kungetosha, sasa wameshaingia ndani ya mbao. Kila gogo lichomwe au lisagwe vipande vidogo kabla ya tarehe ishirini ya mwezi wa tano. Hata matawi yenye unene wa kidole gumba. Gogo moja likisahauliwa nyuma ya kibanda cha mtu, mtaanza upya.

Halafu kiangazi mtafanya jambo la pili. Chukueni kipande cha bomba chenye makali, upana wa sarafu. Pigeni nyundo, ondoeni kipande cha gome. Mti mzima utajaza tundu ulimbo kufikia kesho yake, tuseme umelia. Usiolia umeshaingiliwa, hata kama ni wa kijani na unapendeza. Huo unakatwa na kuchomwa siku hiyohiyo.

Mdogo wako,
Fumie

*

Sunazaki, 14 Mei 1980

Kwako Fumie,

Uwe mzima. Sisi tumechoka lakini tuko hai, na nyusi zangu zitaota tena.

Zimamoto walikataza moto wa wazi, kwa sababu pepo za machipuko ni kavu na msitu uko palepale. Mahali pekee pa kuchomea moto mkubwa kwa usalama ni ndani ya tanuri. Kila kaya ilirudi kuchukua magogo iliyoyaleta, ikayapasua uani kwangu. Odagaki, ambaye hajawahi kushika shoka tangu apate uenyekiti, ametoka malengelenge kumi. Bibi Hatsuyo alikaa kwenye kigoda akiokota vijiti, akimpigia kelele kila anayepita bila kitu mkononi.

Niliingiza mitungi yangu yote ya mwaka, nikidhani angalau nitapata kazi mbili kwa moto mmoja. Ulikuwa ujinga. Kuni mbichi hazina adabu. Moto ulipanda, ukazama, ukatoa moshi mweusi, nami siwezi kungoja utulie kwa sababu magogo bado yako nje na siku zinakwenda. Tukaendelea kulisha siku kumi na moja mfululizo, kwa zamu. Mitungi imetoka myeusi na imepinda. Hakuna hata mmoja wa kuuza.

Siku ya kumi na moja asubuhi nilisikia sauti niliyoifahamu kabla sijaigeukia. Paa la chumba cha tatu lilishuka, kisha la nne likalifuata. Halikuanguka kwa kishindo. Lilikaa chini, kama mzee anayekaa. Hakuna aliyeumia.

Kuni zilizobaki tulizibeba hadi kwenye majabali baada ya mvua ya tarehe tisa, zimamoto wakasimama nasi, tukazichoma hapo. Kiyono alifagia hata magome. Nimepita nyumba zote kumi na tisa, nikaingia hadi stoo za watu. Hakuna kijiti.

Nina miaka sitini na miwili, Fumie. Tanuri sitajenga jingine. Usiandike kuniomba msamaha, nakujua. Nikiweka mezani vitu viwili, tanuri na msitu, najua babu angechukua kipi, maana alijenga tanuri baada ya miti kumpa mahali pa kujenga.

Lakini naliwaza. Nadanganya nikisema siliwazi.

Kaka yako,
Yasaburo

*

Mjini, 5 Oktoba 1980

Kaka Yasaburo na wifi Kiyono,

Nimerudi salama kutoka kwenu, na samaki mkavu mliyenifungia ametia harufu behewa zima. Goti likandwe kama nilivyoonyesha.

Bado nasikia ile nyundo ya Bibi Hatsuyo. Mikutano mingi nimehudhuria, lakini sijawahi kuona kitu kama kijiji kizima kikitembea mstari kwa mstari, kila mtu akiingiza kidole kwenye tundu la jana na kuita kwa sauti, "Umelia! Umelia!" Misonobari mia tatu na kumi, na isiyolia ni mitatu tu. Sitini na mmoja mwaka jana, kaka, na mwaka huu mitatu, nayo mliichoma kabla ya chakula cha mchana. Ulijifanya umeingiwa na moshi machoni. Moshi ulikuwa unaelekea baharini.

Sasa nina swali. Mkuu wangu anataka niandike taarifa itakayopelekwa kwa wafinyanzi wote wa pwani hii, kwa sababu wote wanakausha kuni kama wewe. Nitaeleza kila kitu: ramani, unga wa keekee, tanuri. Lakini jina lako sitaliandika. Nitaandika tu "rundo la kuni katika kijiji kimoja." Umeshapoteza vya kutosha, sitaki na jina lako litembee huko likisemwa vibaya na watu wasiokujua. Nijibu upesi tu kwamba umeridhika.

Mdogo wako,
Fumie

*

Sunazaki, 9 Oktoba 1980

Kwako Fumie,

Tu wazima. Goti linakandwa.

Sijaridhika. Andika jina. Ukiandika "rundo la kuni katika kijiji kimoja," kila mfinyanzi atasoma, atatikisa kichwa, atasema masikini watu wale, kisha atatoka nje na kupita kando ya rundo lake. Nawajua, nimekuwa mmoja wao. Lakini wakisoma Yasaburo wa Sunazaki, wengi wananijua, wamelala kwangu, wamenunua udongo kwangu. Watasema, ikiwa Yasaburo hakujua, mimi je? Watakwenda na shoka kupasua gogo moja.

Andika mitungi iliharibika na tanuri lilianguka, usipunguze. Weka na kisanduku kwenye ramani, kama nilivyokichora.

Na pale mnapoandika aliyegundua, usiweke jina la maabara peke yake. Andika kwamba ni mdogo wake wa kike, wa tumbo moja.

Kaka yako,
Yasaburo